MVUA YATOKA KWA MUNGU, MITARO YATOKA KWA SERIKALI



Tangu mafuriko ya mwaka 2024 maneno yamekuwa mengi viwandani na katika vituo vya matatu, na maneno hayo si ya kumlalamikia Mungu. Watu wanawalalamikia wakubwa. Nao baadhi ya wakubwa wamejibu ya kuwa wananchi hawana shukrani, ya kuwa mvua ni mvua, na hakuna Serikali duniani iwezayo kuziba mbingu. Nimeona yafaa niandike habari hii kwa urefu kidogo, kwa sababu yatuhusu sisi watu wa mshahara zaidi ya vile wengi wanavyodhani. Tena hasira isiyo na hesabu ndani yake huisha upesi kama povu la sabuni.

Basi natuanze na hesabu. Mvua ya masika ya mwaka ule ilianza mwezi wa Machi, ikazidi nguvu mwezi wa Aprili, na kufika katikati ya Mei waliokufa katika Kenya walikuwa karibu 300. Watu zaidi ya 280,000 walikuwa wamehama makwao. Miezi michache kabla ya hapo, katika mvua ya vuli ya mwaka 2023, walikuwa wamekwisha kufa watu zaidi ya 150, wengi wao upande wa Kaskazini Mashariki na Pwani. Kwa hiyo nchi moja imezika watu wa gharika mara mbili katika muda usiofika hata mwaka mmoja. Mtu akikosea mara ya kwanza aweza kusema hakujua. Mara ya pili atasema nini?

Wala haikuwa siri. Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza habari za El Niño tangu katikati ya mwaka 2023. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Rais mwenyewe aliwaambia wananchi ya kuwa wataalamu wamesema El Niño haitakuja, kutakuwa na mvua kubwa tu. Idara ikabidi itoke tena kueleza ya kuwa mvua ya El Niño ingali njiani. Sasa mtazame mtu wa kawaida. Kwa upande mmoja yuko karani wa hali ya hewa na ramani yake, na kwa upande mwingine yuko Mkuu wa Nchi. Atamsadiki nani? Alirudi akalala, na mitaro ikabaki ilivyokuwa. Mwezi uliofuata mito ikafurika, na Serikali hiyo hiyo ikaanza kutafuta helikopta.

Wazee wetu watakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 1961, ambayo wengine wanayaita mafuriko ya Uhuru kwa kuwa yalikuja wakati Uhuru ulipokuwa mlangoni. Kabla yake kulikuwa na ukame mkali, kisha mvua ikashuka mpaka barabara na reli zikakatika, ndege zikadondosha chakula, na ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka iliyofuata. Wakati huo Serikali ilikuwa ya mkoloni, na wengi walijifariji wakasema, ngojeni tujitawale, tutajenga kuta za mito, hakuna atakayelala juu ya paa tena. Zimepita mvua za mwaka 1997 na 1998, zimepita nyingine nyingi, na mtu wa Budalang'i bado anahamisha kuku na godoro kila mto Nzoia ukipasua ukuta, na mtu wa Nyando kadhalika. Watoto wamezaliwa kambini, wakakua, wakazaa watoto wao kambini pale pale, na kila baada ya miaka mitano huja mgombea mpya na ahadi ile ile ya ukuta.

Lakini nataka tusimame zaidi Mai Mahiu, kwa maana hapo pana somo la kazi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakaingia kijiji cha Kamuchiri na penginepo karibu na Mai Mahiu, watu wakiwa wamelala. Yalibeba nyumba, magari, miti na mawe. Watu zaidi ya 40 walikufa usiku ule, na wengine hawakuonekana tena. Habari za kwanza zilisema bwawa la zamani la Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza ya kuwa hapakuwa na bwawa lililopasuka. Palikuwa na tuta la reli, na chini ya tuta hilo tundu la kupitisha maji, na tundu hilo lilikuwa limezibwa na takataka za mlimani. Maji yakakusanyika nyuma ya tuta mpaka yakawa ziwa. Tuta likashindwa.

Wenzetu waliofanya kazi ya reli hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanajua tundu kama hilo ni la nini, na wanajua ya kuwa halijizibui lenyewe. Zamani palikuwa na magenge ya njia, kila genge na sehemu yake ya reli, na nyapara wake, na sululu na koleo. Walitembea na njia, wakikaza kilicholegea na kuondoa kilichoziba, na wakati wa mvua walitembea zaidi. Kazi hiyo haikuwa na sifa. Hakuna Waziri aliyepata kupigwa picha akizindua tundu lililozibuliwa. Mwaka 2006 reli ilikabidhiwa kampuni ya kukodishwa, maelfu ya wafanyi kazi wakapunguzwa kwa kuambiwa ya kuwa wamezidi, na mwaka 2017 mkataba wa kampuni hiyo ukavunjwa, reli ikarudi kwa Serikali. Watu hawakurudi.

Sisemi ya kuwa najua siku tundu lile lilipoziba, wala simshitaki mtu kwa jina. Ninauliza swali ambalo kila mwenye kazi hulijua: lilikuwa katika orodha ya nani? Mlinzi akisinzia na godauni likaibiwa, ataulizwa asubuhi hiyo hiyo. Dereva akigonga, leseni yake itatazamwa barabarani. Kibarua akisahau bomba wazi, atakatwa. Lakini watu zaidi ya 40 wanakufa nyuma ya tundu lililoziba, na wakubwa wanashindana kueleza ya kuwa halikuwa bwawa! Kana kwamba aliyefiwa na mke na watoto atapata nafuu akijua jina sahihi la kilichowaua.

Siku ya pili yake Rais alifika Mai Mahiu kuwapa pole waliofiwa. Siku ya tatu ilikuwa tarehe 1 Mei, Siku Kuu ya Wafanyi kazi. Pale Uhuru Gardens tulisikia ya kuwa mshahara wa chini upandishwe kwa sehemu 6 katika 100. Hilo halikuwa jambo baya, na mtu mwenye njaa hatupi kipande cha muhogo kwa sababu ni kidogo. Lakini hebu tupige hesabu yake. Mshahara wa chini wa mtu wa kazi ya mikono katika Nairobi ulikuwa Sh. 15,201 kwa mwezi. Sehemu 6 katika 100 ni kama Sh. 912. Mtu wa Mukuru aliyepoteza usiku mmoja godoro, jiko, sufuria, sare za shule za watoto wawili na mabati manne angehitaji nyongeza hiyo ya miezi mingapi ili arudi pale alipokuwa kabla ya mvua? Tena nyongeza yenyewe ilingoja mpaka mwezi wa Novemba ndipo ikaanza kutumika.

Sasa tuje Nairobi, maana hapa ndipo wengi wetu tunaishi.

Kila mtu anajua kwa nini mfanyi kazi wa Industrial Area anakaa Mukuru kwa Njenga au Mukuru kwa Reuben. Si kwamba anapenda harufu ya mto Ngong. Anakaa pale kwa sababu aweza kwenda kazini kwa miguu. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku ingeumaliza mshahara wake kabla ya kununua unga. Mtu wa Mathare naye anatembea mpaka mjini, au mpaka Eastleigh anapouza au kubeba mizigo. Mto haukumfuata mtu huyu. Mshahara ndio uliomsukuma mpaka ukingoni.

Mafuriko yalipofika, Serikali iliamuru watu walio karibu na mito waondoke. Tarehe 2 Mei ilitoa orodha ya mabwawa na malambo 178 ambayo walio chini yake walipewa saa 24 kuhama. Kwa wakazi wa kando ya mito ya Nairobi likaja neno la mita 30: kila aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni atoke. Kisha yakaja matingatinga. Watu waliokuwa wamekwisha nyang'anywa nusu ya nyumba na maji, walinyang'anywa nusu ya pili na Serikali. Mvua ilikuwa ingali inanyesha. Wengine walikuwa wametundika nguo zao ukutani zikauke, wakakuta ukuta haupo. Ndipo ikatolewa ahadi ya Sh. 10,000 kwa kila nyumba iliyovunjwa, watu watafute pa kupanga.

Nisieleweke vibaya. Kuwatoa watu mbele ya maji yajayo ni kazi ya Serikali, na Serikali isiyofanya hivyo yastahili kulaumiwa. Mtu akikataa kutoka naye atakufa. Lakini kumtoa mtu ni kumpeleka mahali. Kumfukuza ni jambo lingine. Anayetoa watu huja na lori, hema, maji ya kunywa, na karani wa kuandika majina. Anayefukuza huja na tingatinga na askari. Wananchi wa Mathare na Mukuru waliona kilichokuja, na wana macho.

Tena yafaa tukumbuke mto haukuchagua kabila wala mfuko. Maji yaliingia hata katika mitaa ya wenye nafasi, ambako magorofa yamejengwa juu ya mikondo ya maji kwa vibali vilivyotiwa sahihi na muhuri. Hapo ndipo hasira ya watu inapopata miguu. Nyumba ya mabati ya kibarua ikivunjwa, tunaambiwa sheria ni sheria. Jumba likisimama katikati ya njia ya maji, tunaambiwa shauri liko mahakamani.

Na sasa jambo ambalo lingekuwa la kwanza kama ningekuwa na ukurasa mmoja tu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema ya kuwa tajiri atampa mfanyi kazi nyumba ya kufaa, au atamlipa fedha za kutosha, juu ya mshahara wake, ili apate nyumba ya kufaa. Someni tena: ya kufaa. Sheria yaruhusu pia fedha hizo zichanganywe ndani ya mshahara kwa mapatano, na hapo ndipo nyumba inapopotelea kama sukari ndani ya chai. Kama mwenzako analipwa fedha za nyumba ambazo haziwezi kumpangishia ila chumba cha mabati mita 10 kutoka mtoni, basi ama fedha hizo si za kutosha, ama neno "kufaa" limepoteza maana yake. Wakaguzi wa kazi wako wapi? Nyumba hizo walizovunja kwa siku chache walikuwa hawazioni kwa miaka 30?

Juu ya hayo, mfanyi kazi amekwisha lipia nyumba nyingine ambayo hajaiona. Mwaka 2023 Serikali ilianza kukata sehemu 1.5 katika 100 ya mshahara wa kila mmoja wetu kwa ajili ya kujenga nyumba, na tajiri akatoa kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu ikasema mwezi wa Novemba mwaka huo ya kuwa sheria hiyo haikufuata Katiba. Tarehe 19 Machi 2024 ikatiwa sahihi sheria mpya, makato yakarudi. Angalia tarehe hiyo, ndugu: mwezi wa Machi, mwezi ule ule mvua ilipoanza. Mtu wa mshahara wa Sh. 15,000 hukatwa Sh. 225 kila mwezi, na tajiri wake hutia Sh. 225 nyingine. Fedha hizi hukatwa mtu akipenda asipende, nyumba yake ikiwa imesimama au imekwenda na maji. Kwa hiyo katika mwezi wa Mei mwaka 2024 alikuwako mtu Nairobi ambaye Serikali ilimkata fedha za nyumba na kumvunjia nyumba katika mwezi mmoja. Nasikia wengine wanacheka wanaposikia hivyo. Kuna kicheko cha namna hiyo.

Tulichokuwa na haki ya kusikia siku zile ni sentensi moja tu: ya kuwa nyumba za kwanza kumalizika zitapewa waliotolewa ukingoni, kwa kodi wanayoiweza, karibu na kazi zao. Hilo lingekuwa jibu. Badala yake tulipata siku kuu. Ijumaa tarehe 10 Mei ilitangazwa kuwa siku ya kuwaombolezea waliokufa na kupanda miti. Mti ni kitu kizuri na milima yetu imenyolewa kama kichwa cha mfungwa, sina ugomvi na mti. Lakini kibarua analipwa kwa siku. Siku kuu ya mwenye mshahara wa mwezi ni mapumziko, siku kuu ya kibarua ni siku isiyo na ujira. Aliyekwisha poteza siku tano kwa maji akaongezewa ya sita kwa heshima ya maji.

Na hizo siku tano? Hapa ndipo matajiri nao wanapoingia katika hesabu, maana tusiwaache wakajificha nyuma ya wanasiasa. Barabara zilikatika, matatu hazikufika, wengine walibeba watoto mgongoni kuvuka maji ya kiuno. Katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, watu walifika saa nne ya asubuhi suruali zikiwa na matope mpaka mapajani, na karani wa langoni akawarudisha kwa kuwa wamechelewa. Mwisho wa mwezi siku hiyo haikuwako katika bahasha. Sheria ile ile ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa tajiri ruhusa ya kukata mshahara wa siku ambayo mtu hakuja kazini bila ruhusa au sababu ya haki. Basi tuulize kwa sauti: kama daraja kubebwa na maji si sababu ya haki, sababu ya haki ni ipi? Katika mapatano mengi ya kazi yameandikwa mambo ya ndoa, ya matanga, ya ugonjwa. Gharika haikuandikwa. Yafaa iandikwe, na hilo halihitaji Bunge, lahitaji wajumbe wetu wa mapatano waje mezani na kalamu.

Kuna jambo la madaktari pia, ambalo wanasiasa walijaribu kulitumia kutugombanisha. Madaktari waligoma tangu tarehe 14 Machi mpaka tarehe 8 Mei 2024, siku 56, yaani karibu msimu mzima wa mafuriko. Ilisemwa wamewaacha wagonjwa wakati wa shida. Lakini waligoma kwa nini? Kwa ajili ya mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2017 na hayakutimizwa, na kwa ajili ya madaktari wapya waliomaliza masomo wakaachwa nyumbani. Miaka saba Serikali ilikalia karatasi yenye sahihi yake. Mvua haikujua hayo, ikaja. Mtu aliyevunjika mguu Mai Mahiu na mtu wa kipindupindu Tana River wanayo haki ya kukasirika, na mlango wa kupeleka hasira hiyo unajulikana.

Sasa niseme machache juu ya hao Wajumbe wetu wa Bunge. Wengi walifika. Walifika na viatu vya mpira vipya, na mpiga picha, na unga. Mwenye njaa alikula unga huo na hakukosea. Lakini wakati ule kila jimbo lilikuwa na mfuko wake wa maendeleo, na sheria ya mfuko huo ya mwaka 2015 ilitenga sehemu 5 katika 100 kwa mambo ya ghafula. Kwa hiyo mara nyingi Mjumbe aliyetoa blanketi kana kwamba amelitoa katika sanduku la mke wake, alikuwa akikuletea kilicho chako. Hakuna sababu ya kumpigia vigelegele. Mwulize risiti. Mwulize pia kwa nini unga ulifika juma la pili, ilhali maji yalifika usiku wa kwanza.

Watu hawakusahau. Mwezi huo huo wa Mei, makaburi ya waliokufa yakiwa bado na udongo mbichi, Rais alisafiri kwenda Marekani kwa ndege ya kukodi, na nchi ikaingia katika mabishano juu ya bei yake. Mwezi huo huo ukaletwa mswada wa fedha wa mwaka 2024, wenye kodi juu ya mkate na mafuta ya kupikia na magari. Wengine waliandika baadaye ya kuwa vijana waliojaa barabarani mwezi wa Juni, mpaka wakaingia Bunge tarehe 25, walitokea ghafula bila dalili. Waliokaa Mathare na Mukuru hawawezi kusema hivyo. Kijana aliyeona tingatinga mwezi wa Mei na mswada ule mwezi uo huo hahitaji kuchochewa na mtu. Mswada uliondolewa, baada ya damu kumwagika. Mitaro haikuwa katika mswada.

Wakubwa wetu hupenda kusema nchi hii ni maskini, haiwezi kupigana na maji. Basi tutazame Bangladesh, nchi ya tambarare tupu, yenye watu wengi kuliko sisi na mito mikubwa kuliko yetu. Mwaka 1970 tufani moja iliua huko watu wanaohesabiwa kuwa 300,000 au zaidi. Hasira ya watu juu ya jinsi watawala wa Pakistani walivyojikokota kuwasaidia ilikuwa moja ya sababu zilizoivunja nchi ile vipande viwili mwaka uliofuata. Baada ya hapo wakaanza kazi mwaka 1972: wakawafundisha wananchi wa kujitolea kijiji kwa kijiji, wakawapa redio, bendera na vipaza sauti, wakajenga majengo imara ya kukimbilia. Ilipokuja tufani ya Amphan mwaka 2020, waliotoka makwao kabla ya upepo walikuwa zaidi ya milioni mbili, na waliokufa katika Bangladesh walihesabiwa kwa makumi. Hawakuwa matajiri walipoanza. Walikuwa na kengele, na mtu mwenye kazi ya kuipiga.

Kwetu Kenya hatukosi mikono. Vijana wasio na kazi wamejaa kila mtaa, na mitaro imejaa kila mtaa. Mtu wa darasa la nne aweza kuviunganisha viwili hivi. Lakini kazi ya mitaro katika miji yetu hufanywa kama kazi ya sherehe: vibarua huitwa miezi mitatu, hupewa fagio na koti la kung'aa, kisha huachwa, na mara nyingine hungoja ujira wao mpaka mvua ifike. Matope huondolewa mtaroni yakawekwa ukingoni pale pale, mvua ya kwanza ikayarudisha. Hiyo ni kazi ya mtu wa mshahara wa kudumu, mwenye sehemu yake, mwenye nyapara wa kuulizwa, kama yale magenge ya reli niliyoyataja. Chama chadai kazi hizo ziwe za kudumu, na tudai hivyo hata kama wanaozifanya leo bado hawajawa wanachama wetu.

Kwa hiyo kamati imeagiza mambo haya yafanywe kabla mvua haijaanza. Kila tawi litembee njia wanayopita wanachama kutoka nyumbani mpaka kazini, liandike kila mtaro, daraja dogo na tundu la maji lililoziba, mahali lilipo, na ofisi ambayo ni wajibu wake kulisafisha. Barua ipelekwe kwa ofisi hiyo, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa irudi kwetu, maana karatasi yenye muhuri na tarehe ni kitu kigumu sana kukana mbele ya mahakama. Waliokatwa mshahara kwa siku za mafuriko walete karatasi zao za malipo za miezi ya Aprili na Mei 2024 kwa wawakilishi wa kazini. Waliovunjiwa nyumba waandikwe majina, wapate au hawakupata zile Sh. 10,000, na kama walipata, ni ngapi zilizofika mkononi. Fomu ziko kwa makatibu wa matawi, na asiyejua kuandika amwombe mwenzake amwandikie. Zirudi ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.